Mtu wa Ishirini na Moja

Nilipika kwenye bwalo la Korongo wa Gunsan, timu ya besiboli, kwa miaka ishirini na miwili. Wachezaji wote waliniita mama mdogo, hata walionizidi umri, ingawa walijua fika kwamba jina langu ni Yeom Sun-rye. Nimewalisha warushaji na wapigaji wengi ambao nyuso zao zimebandikwa mpaka leo kwenye kuta za uwanja wetu. Lakini ninayetaka kusimulia habari zake hakuwahi kurusha mpira hata mmoja akiwa na jezi ya Korongo. Alikuwa mkandaji wa timu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe siku alizokuwa bado anazungumza na watu.

Jina lake Tak Hyeon-gu. Alikuwa na mabega mapana na maneno machache, na vidole gumba vyake vilikuwa vimepinda kwa nje kwa sababu ya kukandamiza misuli ya watu miaka kumi na tisa. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa mrushaji wa shule yake huko Iksan, na watu walisema atafika mbali. Kwenye mashindano ya taifa kocha wake alimrushisha siku nne mfululizo. Siku ya nne bega lake lilitoa mlio ambao mdakaji aliusikia kutoka upande wa pili. Shule ilipata kombe. Tak alikaa mwaka mzima akivalishwa shati na dada yake.

Ndiyo sababu alisomea kazi ile. Kila msimu ukianza aliwakusanya wageni akawaambia maneno yaleyale: "Mkono ukiuma, njoo kwangu kabla hujaenda kwa kocha. Kocha anataka kushinda leo. Mimi nataka mkono wako uwe wako mpaka uzeeni." Walimwamini. Nilishaona jitu la kilo mia na kumi, limegombana na kila mtu uwanjani, linalala kwenye meza ya Tak kama mtoto anayenyolewa.

Katika wote aliowatibu, hakuna aliyemgharimu kama Gil Jun-mo. Gil alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, mtoto wa pekee wa mjane aliyeuza supu ya chipukizi za soya kwenye soko la Iksan. Alipofika miaka ishirini na minne mshipa wa kiwiko ulikatika. Madaktari wakachukua mshipa mwingine kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakaushonea kushoto. Baada ya hapo alikabidhiwa kwa Tak, na Tak akakaa naye miezi kumi na minane. Walianza na kukunja taulo. Wakaja kwenye kubinya mpira laini. Mwezi wa saba wa matibabu ndipo Gil aliporusha mpira wa kweli, hatua kumi tu, akaanguka chini akicheka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka barafu kwenye chumba cha matibabu kila asubuhi, kwa hiyo niliwasikia.

"Kaka, ukiendelea kunishika mkono hivi, itabidi uje kunichumbia kwa mama."

"Mama yako atakataa. Atasema nakula sana."

"Hakatai. Amesema ukinirudisha uwanjani atakulisha bure mpaka ufe."

"Basi tulia, mbwa wewe. Unanichelewesha."

Miezi kumi na minane ilipotimia, Agosti, Gil alirudi. Alirusha miezi miwili ya mwisho ya msimu, na wapigaji walikata hewa kwa magongo yao kana kwamba wanafukuza nzi. Mama yake alikuja na basi kumtazama, akakaa nyuma ya wavu amejifunika uso kwa mikono, akichungulia katikati ya vidole.

Msimu ulipokwisha, ligi ikatangaza kwamba timu mpya itaanzishwa Cheongju, na kila klabu ya zamani itaichangia mtu mmoja. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: klabu inaandika majina ishirini ya wachezaji inaowakinga, na hao hawaguswi. Kwa wengine wote, timu mpya inachagua inayemtaka, na aliyechaguliwa hana la kusema. Anafungasha.

Bwalo letu lilikuwa na mvutano wiki ile yote. Wanaume wazima waliacha kula. Mmoja aliniuliza kama nimesikia lolote, mwingine akaniletea pipi za ginseng ili nisikie lolote. "Mama mdogo, wewe ndiye unayepeleka chai. Nichungulie tu ubaoni, jina langu lina silabi tatu tu!"

Jumanne asubuhi nikapeleka chai ya shayiri kwenye chumba cha mikutano. Walikuwa wawili. Kocha mkuu Bong Chang-rok, mzee mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, na Mkurugenzi Ma Yeong-sik, mtu wa makao makuu ya kampuni inayomiliki timu, aliyeletwa kwetu miaka mitatu kabla ya hapo. Ma alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema jambo baya, ili ukikasirika uonekane huna utani.

Ubaoni palikuwa na majina kumi na tisa.

"Simwoni Pyo," alisema Kocha Bong. Pyo Dae-seop alikuwa nahodha wetu.

"Pyo ana miaka thelathini na minne na magoti ya bibi kizee. Nani atamchukua?"

"Amevaa jezi hii miaka kumi na tano."

Ma akacheka. "Basi imeshachakaa. Akichukuliwa tutampa shada la maua. Tuje kwenye nafasi ya ishirini."

Nafasi ya ishirini iligombaniwa na wawili. Mmoja alikuwa Gil. Wa pili alikuwa Ra Min-gyu, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye Ma mwenyewe alimsajili kwa mbwembwe, kwa fedha iliyoandikwa magazetini kwa herufi kubwa, na ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi.

"Gil," alisema kocha. "Hakuna mjadala hapo. Huyu mtoto hajui hata kufunga kamba za viatu."

"Huyu mtoto nimemleta mimi. Cheongju wakimchukua, waandishi wataniuliza kwa nini nilimwacha. Wasipoacha kuuliza, mwenyekiti naye ataanza."

"Wakimchukua Gil je? Mimi nitaulizwa na nani? Na mashabiki?"

Ma akanywa chai. "Nani amesema watamchukua Gil? Mwiteni Tak."

Tak aliingia akifuta mikono yake yenye mafuta. Hakupewa kiti.

"Kiwiko cha Gil kiko vipi?" aliuliza Ma.

"Kizuri, mkurugenzi. Kizuri kuliko kabla hajaumia."

"Unaweza kukifanya kibaya?"

Ma akacheka peke yake. "Kwenye karatasi, jamani! Mnanionaje, mimi ni mnyama? Fomu ya afya inakwenda ligi, Cheongju wanaisoma. Andika kwamba mshipa umelegea tena, anahitaji upasuaji wa pili. Nani atachukua mrushaji wa kwenda kulala hospitali? Siku kumi tu. Uchaguzi ukipita, anapona."

"Na mwenyewe tumwambie?" aliuliza Kocha Bong.

"Hapana. Anayejua anaigiza. Asiyejua analia kweli."

Tak alisema, "Siwezi, mkurugenzi. Samahani."

"Sawa. Basi muage leo. Timu mpya haina warushaji, watamtumia kila siku kama punda wa kokoto. Miezi yako kumi na minane itamalizika mwezi wa sita. Wewe si ndiye unayejua habari za kurushishwa siku nne?" Akacheka. "Halafu mkataba wako. Unaisha mwezi ujao, sivyo? Jana tu nilikuwa nao mezani."

Nitasema ukweli kuhusu Tak. Aliogopa kufukuzwa, ndiyo. Lakini baadaye aliniambia kwamba lililomwangusha si hilo. Lililomwangusha ni kwamba hakutaka Gil aondoke. Ma alimpa sababu ya kumzuia, naye akaishika.

Kabla ya kusaini ile fomu alinitazama. Sijui kwa nini mimi. Nilikuwa mwanamke mwenye sinia. Nikaangalia vikombe, nikahesabu kama vyote vimerudi, nikatoka.

Kesho yake nilipopeleka barafu, Gil alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kuanzia begani mpaka vidoleni, umening'inizwa shingoni. Tak alikuwa amesimama dirishani amempa mgongo.

"Kaka, lakini hainiumi," Gil alisema. "Jana nimerusha mipira arobaini. Hainiumi hata kidogo."

"Ndiyo mbaya zaidi."

"Kwa nini?"

"Mshipa unaouma uko hai. Mshipa ukifa hauumi."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Gil alitazama mkono ule kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake alioachiwa kituoni. Kisha akaanza kulia, na kulia kwake hakukuwa na sauti, mabega tu. Tak hakugeuka. Nilitaka kusema neno. Nilimwaga barafu sandukuni, nikaenda kukata figili.

Mambo hayakuishia hapo. Alhamisi wasaka vipaji wa Cheongju walikuja kutazama mazoezi yetu ya vuli, watu watatu wenye madaftari. Ma akaamuru Gil atembee kuzunguka uwanja "kwa ajili ya mzunguko wa damu". Mara tatu. Basi akazunguka, mkono shingoni, uso umevimba, mbele ya wale watu na mbele ya wenzake. Ra Min-gyu, yule kijana, akawatania wenziwe kwamba mzee Gil amegeuka bibi harusi, anasubiri kushikwa mkono. Walicheka. Niliona msaka vipaji mmoja, mzee mwenye kofia ya pamba, anachora mstari kwenye daftari lake na kutikisa kichwa kwa huruma.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika bwaloni mbele ya televisheni. Kwetu walimchukua Pyo Dae-seop, nahodha. Alikuwa na kijiko mdomoni. Alikitoa, akakiweka sawasawa kando ya bakuli, akainamia meza kutushukuru sote, akaenda kuondoa vitu kabatini mwake. Ma alimtumia lile shada la maua kwa mtu wa pikipiki. Mwaka uliofuata Pyo alikuwa nahodha wa Cheongju, akapiga kuliko alivyowahi kupiga kwetu, na watoto wa kule wakaanza kuiga anavyochechemea.

Gil hakuchaguliwa. Hila ilikuwa imefanya kazi.

Siku tatu baadaye Tak alimfungua bandeji. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia ukweli, aliniapia hivyo. Lakini alipoona jinsi Gil anavyomtazama, akasema, "Picha mpya imetoka. Daktari alisoma vibaya ya kwanza. Mshipa uko hai."

Gil alimkumbatia mpaka miwani ya Tak ikaanguka. "Kaka, umenitoa kaburini mara mbili! Mara mbili!" Wiki ile mama yake akatuma sanduku la viazi vitamu kutoka Iksan, limeandikwa jina la Tak juu kwa kalamu ya wino mzito. Na mkataba wa Tak ukaongezwa miaka mitatu, akafanywa mkuu wa matibabu, akapewa wasaidizi wawili.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Majira ya kuchipua Gil alirudi mazoezini, na mwili wake haukuamini. Kila asubuhi nilimsikia.

"Kaka, leo hainiumi. Ni vizuri au ni vibaya?"

"Ni vizuri."

"Ulisema mshipa ukifa hauumi."

"Wako haujafa. Nimekuambia."

"Lakini utajuaje? Mara ile pia haikuniuma."

Tak alimweleza kwa picha, akamweleza kwa vitabu, akamshikisha kiwiko chake mwenyewe. Gil aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, kesho yake akauliza tena. Akaanza kujibinya kiwiko akitafuta maumivu, akijibinya mpaka pakawa na alama za kijani. Akipata maumivu alifurahi nusu saa. Halafu aliogopa maumivu yenyewe.

Uwanjani akaanza kuurusha mpira kwa kuutunza mkono. Kiwiko alikibana karibu na mwili, nguvu zote akazitoa begani. Kocha Bong akamfokea, "Unarusha kama unatupa maji machafu! Nyoosha mkono!" Hakuweza. Aliyekuwa akiwafanya watu wakate hewa sasa alipigwa mpaka mashabiki wakamwimbia wimbo wa kumbembeleza mtoto. Mwezi wa sita, mechi ya jioni ya Jumapili, jua bado lipo, alirusha mpira wa kumi na moja akapiga goti. Ilikuwa bega. Limechanika ndani, mahali ambapo hapashoneki vizuri.

Nilikuwa napeleka matikiti ofisini Ma alipoletewa habari. Alisoma karatasi, akacheka kidogo, akasema, "Unaona? Afadhali hatukupoteza nafasi kwake."

Mwezi wa kumi Gil aliachwa. Hapakuwa na shada.

Alihangaika mwaka mmoja. Akajikanda mwenyewe, akarusha mipira dhidi ya ukuta wa ghala la mchele kwao, akaandika barua kwa kila klabu. Iliyomwita kwa majaribio ilikuwa moja tu, Cheongju, na nadhani Pyo alimwombea. Walimpiga picha bega na kiwiko. Yule mzee wa kofia ya pamba, jina lake Ok Chi-hun, akamketisha akamwambia wazi kwamba bega limekwisha. Kisha akaongeza, bila nia mbaya, "Sikitiko langu ni kiwiko chako. Ni kizuri ajabu. Tangu upasuaji ule wa kwanza hakijawahi kuguswa na kitu. Ripoti iliyotufikia ilisema mshipa umelegea. Sisi, mwanangu, tulikuwa tumekuandika wa kwanza. Tulikuwa tunakutafutia nyumba."

Gil alikuja Gunsan siku ya pili yake, saa ya chakula cha mchana. Bwalo lilikuwa limejaa. Aliingia bila kuvua koti, akaja mpaka meza ya Tak, akaketi mbele yake. Mimi nilikuwa nagawa supu. Sikuwa na pa kwenda, na safari hii sikutafuta.

"Cheongju walitaka kunichukua," alisema.

Tak akaweka vijiti chini. Uso wake ulijibu kabla ya mdomo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ule mshipa unaokufa bila kuuma. Upo kwenye vitabu?"

"Haupo."

"Uliutoa wapi?"

"Nilitunga palepale."

Gil alitikisa kichwa polepole. "Na vile viazi alivyokutumia mama. Ulivila?"

"Nilivila."

"Vyote?"

"Vyote, Jun-mo."

"Vilikuwa vitamu?"

Gil alisimama, akarudisha kiti mahali pake kama tulivyowazoesha, akaniinamia mimi, "Mama mdogo, samahani kwa kukuvurugia chakula," akatoka. Laiti angepindua meza. Wachezaji waliokuwepo walimaliza kula bila kumtazama Tak, na kuanzia kesho yake hakuna aliyelala kwenye meza yake. Walikwenda kwa wasaidizi. Mrushaji mmoja mgeni, hata miaka ishirini hajafika, alimwambia usoni, "Mimi usiniguse, bwana. Nikipona utaniambia ninakufa."

Hapo ndipo Tak alipoiandikia ligi barua akaeleza kila kitu, nani alisema nini na siku gani. Alinitaja kama shahidi. Nilikwenda, na safari hii nikasema. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza kama nina uhakika kwamba sikusikia vibaya, maana jikoni kuna kelele. Kocha Bong alisema hakumbuki. Ma alisema amesikitika sana kugundua kwamba mfanyakazi aliyemwamini alighushi fomu ya afya. Na fomu yenyewe ilikuwa na jina moja chini yake: Tak Hyeon-gu, kwa mwandiko wake mzuri. Ligi ilimfungia kazi miaka mitano. Klabu ikamfukuza siku hiyohiyo. Ma alipandishwa cheo akarudi makao makuu. Ra Min-gyu alicheza mechi kumi na moja kwa jumla, akaenda jeshini, hakurudi.

Mimi waliniacha. Mpishi ni mpishi.

Mwaka uliofuata, baada ya sikukuu ya mavuno, Tak alinipigia simu akaniomba nimsindikize Iksan. Alitaka kuomba radhi kwa mama wa Gil. Alisema peke yake hawezi, miguu itamgeuza. Tulikwenda na basi la asubuhi. Alikuwa amekonda, amevaa suti ya harusi yake, na amebeba boksi la nyama ya ng'ombe la zawadi kama mtu anayekwenda kuposa.

Duka la supu lilikuwa na meza sita. Gil alikuwa anafuta meza kwa mkono wa kulia. Alituona, akasimama na kitambaa chake. Lakini mama yake alitoka jikoni mbio, mama mfupi mwenye nywele zilizosokotwa, akamshika Tak mikono yote miwili.

"Daktari Tak! Mungu wangu, daktari mwenyewe! Jun-mo, mbona umesimama kama nguzo, mkaribishe kaka yako!"

Niliona Tak anamtazama Gil. Gil akatikisa kichwa kidogo sana: hajui. Hakuwa amemwambia.

Tuliketishwa. Supu ikaja, mayai yakaja, pweza mkavu akaja ambaye hata hatukumwagiza. Mama hakuketi. "Nimewaambia watu wote sokoni, kama si yule daktari mwanangu angeacha kurusha akiwa na miaka ishirini na minne. Miezi yote ile ya nyongeza ni yako. Bega ni bahati mbaya, ni ukoo wetu, baba yake naye alikuwa na mifupa mibaya. Nilimpa mifupa mibaya mimi." Akajifuta macho kwa aproni.

Tak alifungua mdomo. "Mama, nimekuja kukuambia—"

"Kula, kaka," Gil akamkatiza. Alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake. "Supu inapoa. Kula kwanza."

"Jun-mo, niache niseme."

Gil akainama karibu na sikio lake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nikasikia. "Ukisema, wewe utalala vizuri. Yeye hatalala. Kula umalize."

Tak alikula. Sijawahi kuona mtu anakula hivyo, na nimelisha watu maisha yangu yote. Kila kijiko alikisukuma. Bakuli likiisha mama anaongeza, na Gil amesimama palepale.

Tulipoinuka, mama akasema, "Daktari, kwa kuwa umefika, mtazame bega. Usiku analalia upande mmoja tu, hasemi, lakini mimi namwona. Wewe anakusikiliza."

Nilidhani Gil atakataa. Alitazama uso wa mama yake, akaanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Bega lilikuwa limesinyaa, mfupa umechomoza. Tak akaweka mikono yake juu. Alibonyeza hapa na pale, kwa ustadi uleule wa siku zote, na Gil alitazama ukutani meno yameumana.

"Enhe?" aliuliza mama.

Tak aliendelea kubonyeza.

"Mwambie, kaka," alisema Gil. "Mwambie vile unavyojua kuwaambia watu."

Mama alisubiri, mikono kifuani.

"Litapona, mama," alisema Tak. "Polepole. Litapona."

"Unaona!" Mama akampiga mwanawe kofi la furaha mgongoni, upande ule mzima. "Nilikuambia! Nilikuambia daktari atajua!" Akakataa katakata kupokea malipo, akatufungia supu nyingine kwenye mfuko wa plastiki.

Mlangoni Gil alisema kwa sauti ya kawaida, kwa ajili ya mama yake, "Uje tena, kaka. Uje kila baada ya sikukuu umtazame mama. Anakupenda." Kisha akavuta mlango.

Kituoni Tak hakupanda basi la Gunsan. Alisema anakwenda Daejeon, amepata kazi kwenye nyumba ya kuogea ya umma, kusugua watu taka za mwili. Kule hakuna anayeuliza jina. Aliniachia ule mfuko wa supu. Sikuweza kuila, sikuweza kuitupa. Nikampa mwanamke aliyekuwa ameketi karibu nami na watoto wawili, wakainywa ikiwa bado moto.

Nasikia kwamba anakwenda Iksan kila mwaka, sikukuu ikipita, na boksi lake la nyama. Mama yule bado anamwita daktari. Bega halijapona.